Ng'ambo ya Barabara

Zamani Lunga Lunga ilikuwa na ng'ambo.
Huku tanuri za Tausi, kule tanuri za Kware,
na alfajiri harufu mbili za mkate
zikigombana hewani.

Msimamizi akikunja uso, Syombua
alivua aproni, akaikunja mara nne,
akatazama dirishani. Hakusema kitu.
Kufika jioni, kibarua kimeongezwa shilingi hamsini.

Kisha Tausi akammeza Kware.
Hatukusikia hata mfupa ukivunjika.
Walipaka lango rangi mpya, wakabadilisha beji,
basi.
Mkate ukapanda bei, ukapungua slesi mbili;
posho ya usiku ikafa bila matanga.
Syombua akavua aproni, akaikunja mara nne,
akatazama dirishani:
ng'ambo, bosi yule yule anampungia mkono.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru.
Kumbe kunguru tulikuwa sisi,
na panzi wamepatana.

Jumanne tulipanda ngazi hadi orofa ya tisa,
kwa watu wa mamlaka ya ushindani.
Wakili wa kampuni alinena ngano, ufanisi, soko,
mpaka afisa mmoja akauliza:
na hawa wanaokanda?

Syombua hakuwa na takwimu.
Alitoa aproni kwenye mfuko wa sukari,
akaikunja mara nne juu ya meza yao,
akaomba arudishiwe barabara.

Afisa aliandika kitu. Wino wa buluu.
Uamuzi ni baada ya siku sitini.
Leo ni ya arobaini na moja,
na zamu yangu ni ya usiku.