Jozi ya Tatu

Ucha, mwenye duka, husikia kwa sikio moja;
la kushoto lilizimika jeshini, haelezi zaidi.
Kila hedifoni huijaribu mara mbili,
upande huu, kisha anaigeuza mbele nyuma,
amekunja uso kama mtu anayeonja chumvi.

"Bei usiniulize kwanza," ananiambia.
"Uliza itakuambia nini usichopenda."

Nimekuja na wimbo wangu ndani ya flashi.
Nimeurekodi Gldani, ghorofa ya tisa,
kati ya jokofu na dirisha lisilofunga,
usiku, baada ya zamu ya kupiga pasi
mashati ya watu wanaolala mapema.
Bibi Nanuli wa chini hugonga bomba la joto
kwa kijiko, ngo, ngo, kila nikianza;
nami hunyamaza, vidole juu ya kinanda,
kama mwizi aliyekanyaga ubao unaolia.

Jozi ya kwanza ni nyeusi, inang'aa, ina jina.
Besi imeumuka kama unga uliosahauliwa na hamira,
na sauti yangu, ajabu, ni ya mtu mzuri kuliko mimi.
Nilitabasamu. Ucha hakutabasamu.
Mgema akisifiwa hivi kila usiku,
tembo lote litakuwa maji.

Jozi ya pili, migongo yake ni wavu.
Kuivaa ni kutoka chumbani bila kuondoka:
ala zilikaa mbalimbali, kila moja na kiti chake.
Ningeinunua papo hapo,
ila nilipogeuka, mvulana aliyekuja kununua betri
alikuwa akitikisa kichwa kwa wimbo wangu,
na ule mstari ninapokwama
aliusikia. Duka zima liliusikia.
Inavuja. Kwetu, penye kuta za karatasi,
kuivaa ni kujifunika kwa chandarua wakati wa mvua.

Ya tatu ni ya kijivu, nzito, ina sura ya mkebe.
Inabana miwani. Inatia masikio jasho.
Na haina huruma:
noti ya nne iko chini, unywele mmoja tu, lakini chini;
jokofu linanguruma tangu mwanzo hadi mwisho;
kabla ya kila neno navuta pumzi kwa pua
kama mtu anayepandisha gunia.
Nilikwisha inua mkono niivue,
ndipo, nyuma ya ubeti wa pili,
chini kabisa, mahali spika zangu hazifiki:
ngo. Ngo.
Ngo-ngo, ngo.

Juu ya pigo. Si kabla, si baada.
Nikarudisha. Nikarudisha tena.
Pale nilipochelewa mimi, kijiko hakikuchelewa.

Miezi minane nilidhani ananifukuza.

Nililipa lari mia moja na themanini.
Ucha alirudisha tano kwa sababu nililia,
au kwa sababu hakujua afanye nini
na mtu anayelia katikati ya nyaya.
Lifti yetu hudai sarafu, nami nilikuwa na noti tu;
nikapanda kwa miguu, mkebe wangu kwapani,
na ghorofa ya nane nikasimama mbele ya mlango wake.
Harufu ya kitunguu. Televisheni.
Sikubisha. Ningesema nini?

Sasa ni saa sita usiku, nimeivaa.
Kwa dunia nzima kinanda changu ni ubao;
mimi peke yangu najisikia, vibaya na wazi.
Noti ya nne nimeipandisha.
Mngurumo wa jokofu nimeupunguza nilivyoweza.
Kijiko nimekiacha.

Nyayo zangu ziko juu ya bomba, kwa ajili ya joto,
na ni nyayo zilizosikia: mtikiso mmoja,
kimya kirefu, kisha wa pili,
wa mtu anayeuliza kama uko mzima.

Mia moja na sabini na tano. Mshahara wa wiki.
Nikashika waya pale unapoingia kinandani,
nikauchomoa.