Gari la Saba

Sita nimeyarudisha. La kwanza lilinisemesha
kama mwalimu wa chekechea: funga mkanda, shika njia.
La tatu lilinguruma kupitia spika;
simba wa kanda, Meinir alisema, akacheka.
Usukani mwepesi kama sufuria tupu:
barabara iko chini yangu, habari zake hazifiki.

Leo, mjini Bala, manyunyu,
kijana wa duka ananipa ufunguo wa la saba.
Milango minne, skrini pana kama sinia. Naizima.
Klachi ina uzito wake wa haki.
Gia ya pili inaingia, tak,
kama komeo la zizi la kondoo la baba.

Kwenye kona ya daraja la mawe
viganja vinasikia:
changarawe, kisha maji, kisha lami mpya.
Nyuma inataka kuteleza kidogo,
inaomba radhi, inatulia.

Meinir amenyamaza, ameshika kiti.
"Iorwerth," anasema, "umeanza tena
kuendesha huku mdomo wazi."

Bei sijaiuliza.
Nimelipita duka, nimeipita na shule.
Yule kijana, nadhani, bado amesimama mvuani
na mwavuli wake.