Nusu ya Amri

Ijumaa, Ghala. Kiyoyozi kinakohoa.
Tumeketi saba chumba cha nyuma cha kanisa,
viatu mlangoni, vumbi la Maskati juu yake.
Atupele, nesi wa zamu ya usiku, macho mekundu,
anasema: leo hatuvuki mstari mmoja.
Shikeni kalamu za risasi.
Someni kama mnaochambua mchele.

Amri ya nne. Nikacheka moyoni.
Hiyo naijua tangu Wundanyi,
tangu Mwalimu Mwadime wa shule ya Jumapili
aliyetoa peremende kwa kila amri iliyokaririwa:
ikumbuke siku ya mapumziko, nukta,
peremende ya kijani, kaa chini.
Miaka thelathini nimeitunza nukta ile.

Lakini kitabuni nukta haipo.
Sentensi inaendelea, inashuka ngazi,
inaingia jikoni, inatokea zizini,
inataja kwa zamu nani asifanye kazi:
mwenye nyumba, wanawe, mabinti zake,
mifugo, naam, hata mnyama amekumbukwa,
na mgeni anayelala ndani ya lango;
na hapo kati, kabla ya ng'ombe,
mjakazi.

Nzilani, anayefua mashuka ya watu kumi na wawili
tangu alfajiri ya Jumamosi hadi usiku wa Alhamisi,
aliweka kidole juu ya neno hilo
kama mtu anayetafuta mshipa wa mgonjwa.
"Ni sisi," akasema. "Tumo."
Kiyoyozi kikadondosha tone.

Atupele akatusogeza mbele, kurasa nyingi,
mpaka pale Sheria inaposomwa mara ya pili
kwa watoto waliokulia jangwani.
Amri ni ile ile, sababu siyo.
Kule: kwa kuwa Mungu alipumzika.
Huku: kwa kuwa nawe ulikuwa mtumwa, wajua kunavyouma.
Nani alitukatia haya? Hakuna mwizi.
Ni haraka tu, na peremende.

Nilitoka pale na silaha mkononi.
Ndani ya basi la kwenda Al Khuwair nilipanga hotuba,
nimsomee Bi Rayya mstari mzima, neno kwa neno,
anielewe kwa Kiswahili chake cha Unguja
alichorithi kwa bibi yake.
Kisha nikakumbuka natoka wapi:
ni Ijumaa, nami sikuwa jikoni.
Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa nauli,
akasema, chukua maji, jua kali.

Hotuba ikabaki haina wa kuhutubiwa.
Ikazunguka basini ikitafuta jina,
ikapanda milima ya kwetu kwa miguu,
ikagonga mlango wa bati la buluu
wa nyumba ninayoilipia kodi mimi.

Mkamburi akafungua.
Miaka kumi na tisa. Analea wanangu watatu,
anakamua, anateka maji, anapeleka mahindi kusagwa.
Jumapili huwavalisha wanangu soksi nyeupe waende kanisani,
yeye akabaki na sufuria.
Mwaka wa nne huu. Sijamuuliza hata siku moja anapumzika lini.
Kwenye simu nimemwita "msichana":
mpe msichana hela, msichana yuko wapi.
Lango langu, na yeye ndani yake.

Usiku nilirekodi ujumbe mara tano, nikaufuta.
Wa sita nikautuma:
Mkamburi, Jumapili hii usiguse kitu.
Watoto watakula kiporo, hawatakufa.
Kuna jambo nimelikuta kwenye amri ya nne.
Sikulijua. Hapana, si kweli:
nilipewa kipande,
nikala peremende, sikuuliza kingine kiko wapi.

Alijibu kesho yake, sauti ndogo, jogoo nyuma yake:
"Sawa, dada. Sasa siku hiyo nitafanya nini?"

Nilipiga pasi kanzu ya mwisho bila jibu.
Nikachonga kalamu.
Nikarudi kwenye mstari.