Karai na Rula

Wengine bahari huipima kwa mitambo.
Mimi, Mwanatumu wa Mtongwe, huipima kwa karai.
Nililirithi kwa mama mkwe,
limetoboka likazibwa mara mbili na fundi wa Likoni,
na zamani changu mmoja akiingia
mkia wake ulibaki nje, ukiota jua.
Miaka ikapita. Mkia ukaingia.
Kisha wakaingia wawili, ubavu kwa ubavu.
Mwaka jana nikahesabu: tisa,
na nafasi ya pilipili ikabaki.

Sikuambiwa na mtu kwamba maji yamepata homa.
Pweza tuliyemfuata kwa miguu, maji yakipwa,
amehamia kusikofikika kwa miguu.
Vijana wa kuzamia wakaja wakasema matumbawe yamekuwa meupe.
"Si weupe wa harusi, Mwanatumu.
Ni kama mifupa aliyoimaliza paka."

Na maji ya bamvua, ambayo mama aliujua mwisho wake
(jiwe lile lenye ufa, hapo hugeuka yakarudi),
mwezi wa Shaabani yalilipita jiwe,
yakakipita kibanda cha barafu,
yakaingia kwangu bila hodi, yakazima jiko,
yakaondoka na ndara yangu ya kulia.
Ya kushoto nnayo hadi leo. Sijui naiwekea nini.

Akaja Kadzo wa idara ya uvuvi,
tukakaa chini ya mabati ya mnadani.
Akasema "kukabiliana", akasema "mabadiliko ya tabianchi",
wenye nyavu wakapiga miayo.
Nikamuuliza: hiyo tabianchi hukaangwa na nini?
Akacheka, akatoa mkobani rula ya shule,
ya plastiki, ya manjano, akanikabidhi.
"Tafi asiyefika hapa," akaweka ukucha,
"hajazaa hata mara moja.
Ukimnunua, umenunua na wajukuu wake
kwa bei ya mmoja."

Nilikubali kwa ulimi. Ulimi hauna mfupa.

Asubuhi ya kwanza, nani kafika mbele ya wote?
Kibwana. Tumbo moja, ziwa moja.
Juya lake, matundu ya chandarua,
limejaa vitafi vya urefu wa kidole.
"Pima basi," akasema, akijua nitaona haya.
Nikapima. Wa kwanza hakufika. Wa pili. Wa kumi na moja.
Wanawake wenye mabeseni wakanyamaza.
Nikasema: "Sinunui."
Akavimwaga vyote mchangani, mbele ya miguu yangu.
Kunguru wakafanya karamu,
na siku hiyo karai langu likakaanga mihogo.

Watu wakasema. Mtongwe hawakosi la kusema.
"Rula imempanda kichwani."
"Kamnyima ndugu, atampa nani?"
Mke wake akapita mlangoni kwangu bila salamu,
mgongoni kabeba mtoto aliyepewa jina langu.
Usiku nikahesabu madeni: unga, mafuta, karo ya Zuwena.
Mara mbili niliishika rula niivunje.
Plastiki ya siku hizi hukunjika tu, haivunjiki.

Mara tatu maji ya bamvua yakaja yakarudi.
Mikoko tuliyopanda kina mama ukingoni, miche mia nne
(sitini waliliwa na mbuzi wa jirani, nitalisema hili popote),
ikatoa jani la nne.

Mara ya nne, usiku, mlango ukagongwa.
Kibwana. Hakusalimu.
Begani dema jipya, fito zake bado zanuka ubichi.
Akaligeuza chini ya taa ya simu,
akanionyesha pembeni mwanya mwembamba,
wa mtoto kuponyokea.
"Hebu pima," akasema, macho yako kwenye ukuta.
Nikaileta rula.
"Umekosea kwa upana wa ukucha."
Akaketi kizingitini, akatoa kisu, akaanza kuchonga,
nami nikawasha jiko,
maana alikuwa hajala.