Swali la Kumi na Nne

Wasema Tanga ni waja leo, waondoka leo.
Mimi nilikaa siku tisa, Makorora na Ngamiani,
na baiskeli ya kukodi isiyo na kengele,
na fomu mia mbili za utafiti
wa utamaduni wa siasa.

Mlango wa kwanza, nyuma ya soko la Makorora,
Mzee Shekilindi alinikaribisha barazani,
akavaa kofia ndipo akajibu.
Mikutano? Nahudhuria. Diwani? Namjua, na babake namjua.
Kadi? Akaingia ndani, akatoka nazo mbili,
ya zamani na ya sasa, zote kwenye mfuko wa nailoni.
Nikajaza. Kalamu ilikwenda kama inateremka.

Mkewe nilimkuta uani, juu ya mbuzi,
anakuna nazi.
Swali la kumi na nne: Je, unashiriki siasa?
"Mie? Mie na siasa wapi na wapi.
Andika hapana, mwanangu, usichoshe kidole."
Nikaandika sifuri.
Ikakaa vizuri kwenye kisanduku chake,
duara kama kifuu.

Nazi haijaisha, hodi tatu zimeshapigwa.
Mmoja kaleta mchango wa msiba wa Chuda,
mmoja daftari la kikoba, limevimba kwa maji ya mvua,
wa tatu hakuleta kitu ila swali:
"Bi Mwanamkasi, zile kanga tunavaa lini tena?"
Bi Mwanamkasi akanitazama, akaitazama fomu,
akacheka kwa pua.

"N'kwambie?
Mwaka juzi bomba la kona lilikauka miezi minne,
na pesa za bomba tulishatoa, stakabadhi tunazo.
Mwenyekiti wa mtaa ukimwuliza hesabu
anakuuliza mumeo yuko wapi.
Basi tukakaa hapa hapa, wiki mbili, kuchagua kanga.
Wiki mbili! Mwajabu alitaka ile yenye matusi,
tukamwambia hiyo ni ya mke mwenza, si ya serikali.
Bi Tatu akaleta ya kumwachia Mungu,
tukasema Mungu hakula pesa.
Zilipobaki mbili tukapiga kura chunguni, kunde na choroko.
Kunde zikashinda kwa tatu.
Tukakopa doti arobaini na moja, Barabara ya Kumi na Mbili.

"Siku ya mkutano tukakaa mkekani mbele,
tukaipa mgongo meza kuu.
Hakuna aliyenyoosha kidole. Hakuna aliyekohoa.
Migongo arobaini na moja, neno moja:

HESABU SI YA CHUMBANI,
IANIKE UWANJANI.

"Mwenyekiti akasoma. Akasoma tena, midomo ikimcheza.
Akavua miwani, akaivaa.
Ijumaa hesabu ikabandikwa mlango wa ofisi,
na shimo la laki tisa linaonekana
kama pengo la mtoto."

Nikaenda ofisi ya mtaa kutafuta muhtasari wa siku ile.
Upo, umepigwa mhuri.
Akina mama walihudhuria. Hawakuchangia.
Katibu: A. Shekilindi.

Niliporudi kuaga, Bi Mwanamkasi alikuwa anachuja tui.
"Na nyie huko mnakofanya kazi,
hesabu anaisoma nani?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jioni, gesti, mkuu wa utafiti alisema
maelezo ya pembeni mashine haiyasomi,
sifuri ni sifuri.
Kisha akapitisha karatasi ya posho: sahihi hapa,
mahali pa kiasi pameachwa wazi, atajaza mwenyewe.
Tulikuwa wasichana sita na kalamu moja.
Nikaishika muda mrefu kidogo.

Asubuhi nikaenda Barabara ya Kumi na Mbili
kuuliza kama ile kanga bado ipo.
Muuzaji hakuniuliza rangi.
Aliniuliza, "Mko wangapi?"