Apelekwe Kushoto

Kocha Kithinji alichora kwa chaki sakafuni
duara moja, misalaba mitano,
akasema: huyu Nafuna hazuiliki. Anapunguzwa.
Akifunga thelathini, tumekwisha.
Akiishia kumi na nane, tutarudi nyumbani tukiimba.

Mnyimeni mpira kabla hajaugusa.
Akiugusa, Chelagat atoke chini ya kikapu,
wawili kwa mmoja, mikono juu, bila faulo.
Na wewe Mumbua, usimtazame macho,
macho yake ni waongo wawili.
Tazama kitovu.
Kitovu hakiendi popote bila mwenyewe.

Kisha akauliza: udhaifu wake ni upi?
Kimya. Feni ya ukumbi ikikwaruza.
Nikajibu mimi,
mimi niliyekula naye sahani moja:
apelekwe kushoto.

Sikueleza. Darasa la sita, ukuta wa shule,
zambarau mifukoni, mlinzi na rungu lake.
Niliruka mimi kwanza. Yeye akaangukia kiwiko.
Muhula mzima nilimwandikia hesabu,
na mkono ule haukunyooka tena sawasawa.

Jumamosi, Shauri Moyo, saruji inachoma soli.
Robo ya kwanza: pointi mbili.
Ya pili: tatu, moja ya bahati.
Nilimganda kama shati lililolowa,
mguu wangu wa kushoto mbele, nikimfungia kulia,
nikimwachia ule upande mwingine
kama mlango ulio wazi
wa nyumba isiyo na kitu.
Alinitazama mara moja tu.
Alijua ni nani aliyesema.

Sekunde tisa. Tuko mbele kwa moja,
yeye ana kumi na sita.
Nikafunga kulia. Chelagat akaja,
akachelewa nusu hatua.
Nafuna akaenda kushoto,
nilikotaka,
akadunda mara mbili, kitovu hakikudanganya,
akainuka na mkono ule,
mkono wa zambarau,
kiwiko kimepinda kidogo mwishoni,
na mpira ukapita juu ya vidole vyangu
bila haraka, kama mtu anayerudi kwake.

Kumi na nane kamili. Kama alivyotaka kocha.

Kwenye mfereji, tukinawa, sikumwomba radhi.
Niliuliza tu: ulijifunza lini?
Akakinga maji kwa kushoto, akanywa, akafuta kidevu.
"Jioni jioni," akasema.
"Tangu uhamie Donholm."