Birika la Bi Selina

Julai, Tandala. Sakitu imeunguza majani ya viazi
na madirisha yanatoka jasho kwa ndani.
Juu ya dawati lenye mguu mmoja mfupi
nimepanga vitu vitatu: birika la jikoni, limebonyea ubavuni,
kiazi kilichokwisha kuota macho,
na kisu ambacho mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli.
Nikasema, chora kinachoonekana. Basi.
Msiniongezee maua.

Penseli zikaanza kukwaruza
kama kuku kwenye makapi.
Nje mtu alikuwa akipasua magogo ya miwati,
shoka linatua, mlio unafuata nyuma yake, umechelewa.
Halafu Yoramu Ndelwa,
aliyemezwa na koti la babake mpaka vidole,
akanyanyua kichwa:
"Mwalimu, hiki kisu kimemaliza kazi
au ndiyo kinaanza?"

Nilitaka kumwambia, chora, acha maneno.
Lakini nikatazama, na kweli,
ncha ilikuwa imekielekea kiazi
kama mtu aliyekatizwa kabla hajamaliza kusema.
Mimi ndiye niliyekiweka vile.
Mkono wangu ulikiweka, mimi sikuwepo.

Mama alikiacha kisu hivyohivyo
kila gari la Makambako liliponguruma mlimani.
Alitoka na mikono inayochuruzika maji,
akasimama pale kwenye mianzi,
akarudi, akakiokota, akaendelea kumenya.
Viazi vya watu sita.
Tulikuwa watano.

Darasa, sasa, limeshanitoroka.
Wameliacha kiazi, wamehamia kwenye birika:
limeangushwa na mlevi wa ulanzi,
limepigwa teke na ng'ombe, hapana, na punda,
lilizuia jiwe siku ya ugomvi wa shamba la pareto.
Oliva Mbilinyi, bila kuinua macho kwenye karatasi yake,
akasema, "Limerushwa."
Hakuna aliyemuuliza na nani.
Shoka likatua mara mbili.

Saa nne kasoro akaingia Bi Selina,
hakubisha hodi, mlango wa shule ni wake tangu zamani.
"Birika langu. Walimu hawajanywa chai."
Nikamwomba dakika tano.
"Dakika tano zako ni kuni zangu."
Watoto wakamrukia kwa pamoja: Bibi, hapa palibonyeaje?
Akaligeuza birika, akalitazama
kama anayeonyeshwa kovu kwenye mgongo wake mwenyewe.
"Hapa? Nililikuta hivi gulioni.
Ndiyo maana nikapunguziwa bei."

Darasa zima likanywea.
Hata mimi, sijui kwa nini, nilihisi nimeibiwa kitu.

Akiwa anatoka akapita nyuma ya Yoramu,
akasimama, akainama.
"Hapa umeliogopa. Panaingia ndani zaidi."
Na kidole gumba, chenye masizi ya asubuhi nzima,
akakibonyeza kwenye karatasi,
akaenda zake na birika kwapani.

Dawatini likabaki duara jeusi.
Kiazi, kisu, duara.
Nikangoja Yoramu aombe kifutio. Hakuomba.

Nilimpa sitini na mbili kwa mia.
Mdomo wa birika umepinda, uwiano haupo,
meza inaelea kama haina sakafu ya kusimamia,
na kiazi, ambacho mimi nilikiweka kizima,
yeye amekimenya nusu,
ganda linaning'inia bado, refu, halijakatika.

Lakini karatasi ninayo, iko kabatini.
Siku za ukungu naitoa, naisogeza dirishani.
Kivuli chenye kina kuliko vyote
hakikuchorwa na mwanafunzi yeyote,
na ukiinamia karibu
unaiona mistari ya ngozi,
na katikati yake, mkato mwembamba wa zamani
ambao hatukumuuliza.